Hii Si Fedha: Kuisoma Sarafu Moja ya Galba

"Hii si fedha," sonara aliniambia, akanirudishia sarafu yangu kama mtu anayerudisha nauli pungufu. Alikuwa ameikwaruza kidogo ukingoni kwa jiwe lake jeusi, akadondoshea tindikali, akatikisa kichwa. "Shaba hii, mwanangu. Fedha imo, lakini ya kunusa. Nani kakuuzia?"

Sikuuziwa na mtu. Niliirithi kwa baba yangu mdogo, aliyekuwa baharia, akafa akaacha sanduku la nguo, saa isiyokwenda, na kopo la rangi ya viatu lililojaa sarafu za kila bandari aliyopitia. Humo mlikuwa na rupia, mlikuwa na drakma za Ugiriki ya juzi juzi, mlikuwa na shilingi zetu za 1966, zile zenye kichwa cha Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Na katikati yao donge hili la kijivu, nene, lisilo duara sawasawa, lenye uzito wa gramu kumi na mbili na kidogo. Alilinunua Alexandria miaka ya sabini, kwa mtoto aliyekuwa akiuza karanga na "vitu vya kale" karibu na bandari. Alikuwa akitusimulia hivyo, na sisi watoto tulimcheka kwamba kauziwa kipande cha bomba.

(Wakusanyaji wa sarafu wakisoma habari ya jiwe na tindikali watanilaani. Wana haki. Sarafu ya kale haikwaruzwi. Wakati huo sikujua.)

Neno la sonara lilinikaa kichwani kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Kwetu fedha ni madini na fedha ni pesa. Lugha nyingine hutenga maneno hayo mawili, sisi tumeyaacha yalale kitanda kimoja. Basi sentensi "hii si fedha" yaweza kuwa na maana mbili, na kwa sarafu yangu zote mbili zilikuwa kweli: madini yenyewe ni shaba kwa sehemu kubwa, na hakuna duka litakaloipokea. Lakini ipo siku, pahali fulani, ambapo kitu hiki hiki kilikuwa fedha kwa maana zote mbili, kwa sababu tu dola ilisema hivyo. Nilitaka kujua ilisemaje.

Najua wapo watakaouliza: habari za sarafu za Kirumi zinatafuta nini katika jarida la uhakiki wa fasihi? Nenda Idara ya Historia, bwana! Jibu langu ni kwamba sarafu ni matini. Ina mtunzi, ambaye ni dola, ina mchapaji, ambaye ni fundi wa kuchonga muhuri, ina hadhira, ina fani na maudhui, na fani yake inabana kuliko mizani ya shairi, maana msanii amepewa duara mbili zenye upana wa kidole gumba na nusu, basi. Na kama matini nyingine yoyote, inasema jambo moja na kuficha jingine. Mhakiki anayejua kusoma riwaya kwa jicho la utabaka hana sababu ya kuiogopa.

Kwanza tuijue familia yake. Roma ilikuwa na sarafu yake kuu ya fedha, dinari, ambayo wasomaji wa Biblia wanaikumbuka kwa kisa cha Kaisari na picha yake. Lakini Warumi walipoyatwaa mashariki walikuta watu wana sarafu zao na hesabu zao za drakma tangu zamani, na badala ya kuzifuta wakazirithi. Antioch katika Siria, Caesarea katika Kapadokia, Alexandria katika Misri: kote huko ziliendelea kupigwa sarafu za fedha kwa viwango vya kienyeji, maandishi kwa Kigiriki, kichwa cha mfalme wa Roma. Hizo ndizo zinazoitwa leo sarafu za majimbo ya Kirumi. Jina hilo lenyewe lina siasa. Kwa muda mrefu vitabu viliziita "sarafu za Kigiriki za enzi ya Dola", yaani zikawa kama mtoto wa kambo: wakusanyaji wa sarafu za Kigiriki waliziona zimechelewa na mbaya, wakusanyaji wa sarafu za Kirumi waliziona si za Kirumi. Matokeo yake, kwa muda mrefu ziliuzwa kwa bei ndogo. Mwaka 1992 Andrew Burnett, Michel Amandry na Pere Pau Ripollès walitoa juzuu la kwanza la orodha kubwa inayoziita kwa jina la majimbo, na tangu hapo jina likabadilika, na bei nayo ikaanza kujua jina jipya.

Bei ya sarafu hizi inafuata simulizi kuliko madini. Mfano ulio wazi ni shekeli ya Tiro, ambayo kwa kweli ilianza kabla Warumi hawajafika: kichwa cha mungu Melqart upande mmoja, tai upande wa pili, na maneno yanayouita mji huo mtakatifu usioingiliwa. Fedha yake ni safi. Lakini wanunuzi hawaitafuti kwa usafi, wanaitafuta kwa kuwa ndiyo inayodhaniwa kuwa vile vipande thelathini alivyolipwa Yuda. Kipande kilichochakaa, cha mwaka wowote, kikipewa jina la Yuda kinapanda bei papo hapo. Kinachouzwa ni hadithi.

Yangu haina Yuda. Nilikaa nayo jioni kadhaa na kioo cha kukuzia na picha za katalogi, nikalinganisha herufi moja moja. Kichwa ni cha mzee, taji la majani kichwani, pua ya kota, kidevu kizito. Huyo ni Galba. Alikuwa gavana wa Hispania alipoasi dhidi ya Nero. Nero akajiua tarehe 9 Juni 68 BK. Galba akatawala miezi saba, akauawa sokoni Roma tarehe 15 Januari 69 na askari wa Otho. Alikuwa na umri wa kama miaka sabini alipotwaa madaraka.

Sasa tazama jina. Kuzunguka kichwa imeandikwa kwa Kigiriki, kwa ufupisho, Loukios Libios Soulpikios Galba. Jina hilo si lile alilotawala nalo. Mzee huyu alizaliwa Servius Sulpicius Galba, akaja kuchukuliwa na mama wa kambo, Livia Ocellina, akaitwa Lucius Livius. Alipopata ufalme akarudia jina la ukoo wake, Servius. Huko Alexandria habari ya kwamba kuna mfalme mpya ilitangulia, habari ya kwamba mfalme anataka kuitwaje ikachelewa. Mafundi wakachonga jina walilolijua. Baadaye, katika sarafu nyingine, linatokea Seroui Galba, na lile la Libios linatoweka. Wanafunzi wenzangu tunaosumbuka na nuskha za tenzi tutatambua mara moja hali hii: ni nakala mbili za matini moja, na kosa ndilo linalotuambia ipi ilitangulia.

Na tarehe je? Kwenye sarafu za Alexandria mwaka wa utawala huandikwa wazi, kwa alama inayofanana na herufi L ikifuatwa na tarakimu ya Kigiriki. Yangu ina alpha, mwaka wa kwanza. Mwaka wa Kimisri ulianza tarehe 29 Agosti, na hapo hata mfalme aliyetawala majuma machache alihesabiwa kuingia mwaka wake wa pili. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa Galba hauna hata miezi mitatu. Tarehe 6 Julai liwali wa Misri alikuwa tayari anatoa tangazo kwa jina lake. Sarafu yangu basi ilipigwa kati ya mwishoni mwa Juni na 28 Agosti mwaka 68. Ninavyo vitabu vya riwaya za Kiswahili nisivyoweza kuvipa tarehe kwa uhakika wa namna hiyo.

Nigeuze upande wa pili, kwa maana huko ndiko kulikonifanya nipoteze usingizi. Kuna mwanamke amesimama, ameegemea nguzo, mkono mmoja una shada la majani, mwingine una fimbo ya enzi. Pembeni yake herufi tisa: ELEUTHERIA. Nilifungua kamusi. Uhuru!

Jamani. Sarafu ile ilikuwa imelala miaka yote katika kopo moja na shilingi ya mwenge. Baba mdogo hakujua, na sidhani kama kuna mtu angemwambia.

Lakini furaha ya namna hii ni ya dakika tano, kisha mhakiki lazima aulize: uhuru wa nani, kutoka kwa nani, na anausema nani? Kule Roma Galba alipiga dinari zenye neno Libertas, uhuru wa umma. Huko uhuru ni mwanamke anayeshika kofia, kofia ile aliyovishwa mtumwa siku aliyoachwa huru. Suetonius anasimulia kwamba Nero alipokufa watu wa mjini walikimbia huku na huku wamevaa kofia hizo. Maana yake ni kwamba chini ya Nero hata mseneta alijiona mtumwa, na sasa ameachwa. Ni sitiari ya watu wenye watumwa, lakini ni sitiari inayoeleweka: ina mtumwa ndani yake, hata kama ni wa kuigiza.

Neno hilo lilipovuka bahari na kutafsiriwa kwa Kigiriki, kofia ikaanguka baharini. Eleutheria wa Alexandria ana shada, ana fimbo ya enzi, ana nguzo ya kuegemea. Hana kofia. Alama ya mtumwa aliyeachwa imeondoka, zimebaki alama za aliyetulia na anayetawala. Sijidai kuujua moyo wa mchongaji. Pengine alikuwa na kielelezo cha zamani mezani akakifuata. Wapo watakaosema nguzo ni alama ya usalama tu na mimi nakuza mambo. Sawa. Lakini matini huhukumiwa kwa kilichomo, na katika mfululizo huo huo wa Galba, kiwanda hicho hicho kilipiga sarafu nyingine yenye neno Kratesis, yaani kushika madaraka, kutwaa. Uhuru na Utwaaji ni ndugu wa tumbo moja, wametoka chini ya nyundo moja. Atakayesema hiyo ni bahati tu na aseme.

Tumwangalie sasa aliyeishika sarafu hii. Mkulima wa Misri chini ya Roma alidaiwa kodi ya kichwa. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hahitaji maelezo ya kodi hiyo. Babu zetu walikimbilia porini kwa ajili yake. Katika wilaya ya Arsinoe, Fayum ya leo, kiwango kamili kilikuwa drakma 40 kwa mwaka kwa kila mwanamume mtu mzima. Sarafu yangu ni ya drakma nne. Kwa hiyo kumi kama hii, kila mwaka, kwa kosa la kuwa na kichwa. Wakazi wa makao makuu ya wilaya hiyo walilipa nusu, drakma 20. Raia wa Roma na raia wa mji wa Alexandria hawakulipa kabisa. Vichwa kumi vya Galba kwa kichwa kimoja cha mkulima, na mgongoni mwa vichwa vyote huenda limeandikwa neno uhuru.

Liwali aliyesimamia jambo hili si mtu wa kupitwa hivi hivi. Ni Tiberius Julius Alexander, Myahudi wa Alexandria, mpwa wa mwanafalsafa Philo, aliyeacha mila za wazee wake akapanda ngazi za Kirumi hadi juu kabisa. Tangazo lake la tarehe 6 Julai 68 limechongwa kwenye lango la hekalu la Hibis, katika oasisi ya Kharga, mbali kabisa na mji mkuu. Nilipolisoma katika tafsiri niliona kwamba ndilo maelezo ya pembeni ya sarafu yangu. Linataja malalamiko ya wananchi waziwazi: watu wanalazimishwa kuchukua mikataba ya kukusanya ushuru, watu wanatupwa gerezani kwa madeni ya watu binafsi. Liwali anapiga marufuku. Hakuna mtu huru atakayefungwa kwa deni, anasema. Isipokuwa wale wanaodaiwa na hazina ya Kaisari.

Isipokuwa! Ndani ya neno hilo moja mna utawala mzima. Kodi ya kichwa yenyewe haikuondolewa. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 69, Galba na Otho wakiwa wamekwisha kuzikwa, liwali huyo huyo aliwaapisha askari wake kumtii Vespasianus. Otho katika majuma yake machache naye alikuwa amepigiwa sarafu Alexandria, na miongoni mwake, tena, Eleutheria. Na tukirudi nyuma kidogo, Nero mwenyewe, yule ambaye kifo chake ndicho kilichoitwa uhuru, ndiye aliyetangaza katika michezo ya Isthmia kwamba Ugiriki iko huru, na Vespasianus ndiye aliyekuja kuufuta uhuru huo. Neno lilikuwa likizunguka kama sarafu, likishika kila mkono.

Isipokuwa sarafu yenyewe haikuzunguka. Na hapa ndipo penye kinaya ambacho hakuna mtunzi angethubutu kukibuni. Tangu Ptolemaios wa kwanza, kama mwaka 300 KK, Misri ilikuwa na mfumo wa fedha uliofungwa: sarafu za nje haziruhusiwi kutumika ndani, na za ndani, kwa wepesi wa thamani yake, hazikubaliki nje. Warumi waliupenda mfumo huo, wakauacha hadi Diocletianus alipouvunja katika miaka ya 290. Tetradrakma, yaani sarafu ya drakma nne, ilihesabiwa sawa na dinari moja. Lakini baada ya Nero kuichezea ilikuwa na fedha chini ya robo ya uzito wake. Ndani ya Misri amri iliibeba. Ukivuka mpaka, sonara wa kwanza angekuambia lile aliloniambia mimi. Sarafu iliyoandikwa Uhuru haikuwa na ruhusa ya kutoka nyumbani.

Pwani yetu inalithibitisha jambo hili kwa kunyamaza. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja kutoka Misri, mwenye lugha ya Kigiriki, aliandika mwongozo wa safari za Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi, ule unaojulikana kama Periplus. Anaifikia Azania, anaifikia Rhapta, soko la mwisho kusini, ambalo wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania. Anataja mikuki, mashoka, visu, vyombo vya kioo, na mahali pengine divai kidogo na ngano, si za kuuza bali za kutafutia urafiki na wenyeji. Sarafu hazitaji katika orodha hiyo. Kwa India, ambako anasema sarafu zilipelekwa, zilikwenda dinari na dhahabu za Roma, na hizo ndizo zinazochimbuliwa huko. Mwandishi yule, nyumbani kwake, lazima alinunua mkate kwa tetradrakma. Alipopanda jahazi alizibadilisha au aliziacha.

Nakiri kwamba katikati ya kazi hii nilipata shaka, na sitaki kuificha. Je, kulikuwa na mtu aliyeisoma sarafu hii? Wengi wa wakulima wa Misri hawakujua herufi za Kigiriki; mikataba ya mafunjo imejaa sahihi zilizoandikwa na mtu mwingine kwa niaba ya asiyejua kuandika. Lugha yao wenyewe ya Kimisri haipo kwenye sarafu kamwe. Miungu yao ipo, Isis yupo, mto Nili upo kwa sura ya mzee wa Kigiriki mwenye ndevu, lakini neno lao hata moja halipo. Yawezekana basi mimi nahangaika na neno ambalo hadhira yake ilikuwa makarani, askari na mabwana wa mjini, na mkulima alichokitazama kilikuwa uzito na sauti ya sarafu ikigonga meza.

Nafikiri hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nafikiri hilo linaongeza uzito wa kesi badala ya kuupunguza. Uhuru uliandikwa kwa lugha ambayo wasio huru hawakuisoma. Walichokisoma, kwa meno na kwa kidole, ni madini, na madini hayakuwadanganya. Upo waraka wa mafunjo wa mwaka 260, kutoka Oxyrhynchus, wakati Macrianus na Quietus wakijiita wafalme. Mkuu wa wilaya, Aurelius Ptolemaeus aitwaye pia Nemesianus, anaandika kwamba wenye mabenki wamefunga milango kwa kukataa kupokea sarafu takatifu ya wafalme. Anawaamuru wafungue na wapokee sarafu zote isipokuwa zile za bandia, la sivyo wataadhibiwa. Karibu miaka mia mbili baada ya Galba, wasomaji hatimaye walitoa uhakiki wao kwa kufunga duka. Na dola ikajibu kama dola zinavyojibu wahakiki.

Ningeweza kuishia hapo, na Eleutheria angebaki kuwa uongo mtupu. Lakini sarafu za fedha za majimbo zina sura nyingine, na bila hiyo nitakuwa nimewadhulumu watu fulani.

Mwaka 132 Wayahudi wa Yudea waliasi chini ya Simon bar Kosiba, yule tunayemjua kama Bar Kokhba. Hawakuwa na madini yao. Walichukua sarafu za Warumi zilizokuwa mifukoni, dinari, drakma na tetradrakma za majimbo, wakazipiga upya kwa mihuri yao: uso wa hekalu lililokwisha kubomolewa, zabibu, kinubi, tarumbeta. Maandishi yao hayakuwa ya Kigiriki bali ya herufi za kale za Kiebrania, ambazo hata wakati ule zilikuwa zimeanza kuwa za kizee. Na hawakuwa mafundi wakamilifu, au pengine hawakujali: kwenye sarafu nyingi unaona chini ya zabibu kipande cha pua ya mfalme, chini ya kinubi herufi za Kigiriki zikichungulia. Leo Mildenberg alizichambua sarafu hizi muhuri kwa muhuri katika kitabu chake cha 1984.

Za mwaka wa pili zinataja uhuru wa Israeli, na za mwisho, zisizo na mwaka, zinasema ni kwa uhuru wa Yerusalemu. Neno walilolitumia ni herut. Mzizi wake ni ule ule wa hurr ya Kiarabu, na hurr ya Kiarabu ndiyo huru yetu. Nilipoliona hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kuvuta hewa. Neno lililo kwenye sarafu ya kopo la baba mdogo linahitaji kamusi ili liwe letu. Neno lililo kwenye sarafu ya waasi ni ndugu yetu wa damu. Sisemi mengi juu ya hilo, etimolojia si siasa, na wapo watu wengi waliokwisha kupotea wakifuata mizizi ya maneno. Nasema tu kwamba hapa kuna matini mbili juu ya madini ya namna moja. Moja imeandikwa na mwenye nyundo tangu mwanzo. Nyingine imeandikwa juu ya mwenzake, na aliye chini bado anaonekana. Uasi ulizimwa mwaka 135 au 136, kwa mauaji makubwa, na sarafu zile ziliacha kuwa pesa. Nyingine zilitobolewa tundu zikavaliwa shingoni.

Limebaki jambo moja linalonihusu mimi mwenyewe kama mwenye sarafu. Wakusanyaji hupenda kusema wanaiokoa historia. Wapo walioiokoa kweli. Giovanni Dattari, Mwitaliano aliyeishi Cairo, alikusanya maelfu ya sarafu za Alexandria, na katalogi yake ya 1901 inatumika hata leo. Lakini linganisha na Karanis, kijiji cha Fayum alikochimba Chuo Kikuu cha Michigan tangu 1924 hadi 1935. Huko sarafu zilitoka ardhini pamoja na nyumba: tunajua chumba, tunajua sakafu, tunajua chungu kilichozificha na vilivyokuwa jirani yake. Akiba ya sarafu iliyokutwa pamoja ni kitabu. Sarafu moja iliyotolewa humo ni ukurasa uliochanwa. Ukurasa huo unasomeka, mimi nimeusoma hapa, lakini maswali yangu makubwa kuliko yote, kwamba aliyeishika alikuwa nani, kwamba aliificha akiogopa nini, kwamba ilikaa na Nero wangapi na Otho wangapi, yangejibiwa na shimo lilimotoka, si na sarafu. Yule aliyeichimba na kumpa mtoto wa karanga aliyauza majibu hayo kwa bei ya sigara, na baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa mnunuzi. Mwaka 1983 Misri ilitunga sheria namba 117 iliyokomesha biashara ya vitu vya kale nchini humo. Safari yake ilikuwa kabla ya hapo. Hilo linampunguzia kosa la kisheria, pengine. Chanzo cha sarafu limebaki kuwa tundu tupu mahali fulani ambapo hakuna atakayepajua.

Nimeulizwa kama nitaiuza. Tetradrakma ya Galba si mali kubwa, hata iwe na neno uhuru, hata kama mtawala wake alidumu miezi saba. Na hii yangu ina mkwaruzo mpya ukingoni, unaong'aa mwekundu, ambao mnunuzi yeyote atauona kabla hajamwona Galba. Nimeulizwa pia kwa nini nisiirudishe Misri. Nimefikiria. Nikiipeleka nitasema imetoka wapi?

Juzi nilipita tena kwa yule sonara kumwambia nilichokisoma. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipuliza makaa. "Kwa hiyo serikali yao ilijua kwamba si fedha?" Nikamwambia ilijua. "Na watu je?" Nikamwambia nadhani nao walijua, mzee. Akaichukua sarafu, akaigonga mara moja juu ya kioo cha meza, akasikiliza, akanipa.